Kijana wako alale chumba gani?

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Mji wetu huu wa Morogoro wenyewe wameupachika jina la "mji kasoro bahari". Milima ya Uluguru tunayo, mito inayoteremka kutoka huko tunayo, kabichi na stroberi za Mgeta tunazo, ila bahari tu ndiyo iliyotupita mbali. Kwa hiyo mtu akianza kuzungumza habari za vyumba vya meli hapa kwetu, yumkini wapo watakaocheka. Wasicheke. Kila mwezi wa Desemba ukikaribia, familia nyingi za mji huu hufunga mizigo kwenda kuwaona bibi na babu, na si wote wenye bibi Matombo au Kinole. Wako wenye bibi Bukoba, wako wenye bibi Kigoma, na wengine wenyeji wao ni wa vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Watu hao hulala njiani, ndani ya behewa au ndani ya meli, na anayelala njiani na watoto lazima ajue nani atalala wapi.

Nimeletewa swali na msikilizaji mmoja wa Kihonda. Yeye na mkewe wana watoto watatu: binti wa miaka kumi na mitano, mvulana wa miaka kumi na mmoja, na wa mwisho wa miaka mitano. Wamekusudia kwenda Bukoba kwa treni mpaka Mwanza, halafu meli ya usiku. Bwana huyu amekwisha piga hesabu zake. Yeye, mkewe na mtoto mdogo watachukua chumba cha daraja la kwanza. Binti na mdogo wake watakwenda daraja la pili, "kwa kuwa wameshakuwa wakubwa". Anauliza kama hesabu hiyo ni sawa.

Kwa upande wa fedha ni sawa. Kwa mengine yote nina wasiwasi nayo, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane kuhusu huyu mtu tunayemwita kijana. Katika treni mpya ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo, utaratibu uliotangazwa ulikuwa kwamba mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili alipe nusu nauli. Akipita hapo analipa nauli kamili. Maana yake ni kwamba binti wa miaka kumi na mitatu ni mtu mzima mbele ya karani wa tiketi. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtu aliye chini ya miaka kumi na minane ni mtoto. Basi mzazi hujikuta amelipia mtu mzima na amebeba dhamana ya mtoto, kwa mtu mmoja huyohuyo. Bahati nzuri treni ile ya kisasa ni ya viti, safari yake ni ya saa chache, wala hakuna anayelala humo mpaka ikabidi kuchagua kitanda.

Mababu zetu jambo hili walikuwa na majibu yake. Huko Uluguru msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akafundwa na wanawake wa ukoo mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Na katika makabila mengi ya nchi hii mvulana akishabalehe hakulala tena nyumba moja na wazazi. Alijengewa kibanda chake, nacho kibanda hicho kikawa ukumbi wa vijana wenzake. Wazee walijua kwamba umri ule una haya yake. Kijana hataki kuvua shati mbele ya baba, wala hataki kusikia mama akikoroma. Mjini tumebana nyumba, tumeweka pazia katikati ya chumba, maisha yanaendelea. Lakini behewa halina hata nafasi ya pazia.

Tuanze basi na treni, maana ndiko safari ya mtu wa Morogoro inakoanzia. Katika Reli ya Kati, daraja la kwanza tangu zamani lilikuwa la vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, na si kila treni hulikuta. Daraja la pili la kulala ni vitanda sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule. TAZARA, ambayo haifiki mjini kwetu ila inakata mkoa wetu kwa kusini, kuanzia Kisaki mpaka Ifakara na Mlimba, daraja lake la kwanza ni vitanda vinne na la pili ni sita. Na kote kuwili desturi ni moja: wanaume chumba chao, wanawake chumba chao, isipokuwa kama watu wa jamaa moja wamekichukua chumba chote.

Hapo pana siri ambayo watu wengi hawaijui, au wanaijua wakati treni imeshapiga honi. Familia ya watu watano ikikata tiketi tano za daraja la pili, haijakipata chumba. Imepata vitanda vitano. Kitanda cha sita ni cha mtu mwingine, na karani hawezi kumweka mgeni wa kiume pamoja na mama na binti yako, wala mgeni wa kike pamoja na wewe. Kwa hiyo atafanya analoruhusiwa kufanya: atawagawa. Baba na mvulana watakwenda na wanaume wanne wasiowajua, mama na binti na mtoto mdogo watakwenda na wanawake watatu wasiowajua. Lakini familia hiyohiyo ikilipia kitanda cha sita, ambacho hakuna atakayekilalia, mlango unafungwa na chumba ni chenu. Kitanda hicho kitupu mtakiwekea mabegi. Watu hukionea uchungu, nauli ya mtu asiyekuwepo. Mimi naona katika tiketi zote sita hiyo ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi. Na kama nauli hiyo inauma kweli, mtafute shangazi au jirani mwenye safari ya upande huo, mgawane.

Chumba kikishakuwa chenu, kijana mpe kitanda cha juu kabisa. Ni kweli huko juu kuna joto, dari liko karibu na pua. Lakini kile cha katikati mchana hukunjwa ili watu wakae, na cha chini ndicho sebule ya wote. Kila mwenye njaa, kila mwenye karata, hukalia miguu ya aliyelala. Huko juu binti ana ukuta wake, ana kona ya kuweka vitu vyake asivyotaka vionwe na mdogo wake, anaweza kulala mpaka jua limepanda bila ya kumzuia mtu. Wenye vijana nyumbani wanajua thamani ya jambo hilo la mwisho.

Kuhusu chumba kiwe wapi katika behewa, ukiweza kuchagua chagua katikati. Choo kiko mwishoni. Chumba kilicho jirani na choo kina harufu, na mlangoni pake watu husimama usiku kucha wakisubiri zamu au wakivuta sigara. Si mahali pa kumpitisha binti saa nane za usiku. Hata ukiwa katikati, mpange naye kabla: akitaka kutoka amwamshe mama, asione haya. Dirisha nalo likabwe. Katika treni zetu wahudumu wamezoea kutoa kipande cha mti cha kukabia dirisha, maana wako watu katika vituo vya usiku wenye mikono mirefu, na simu ya kijana iliyoachwa kwenye kimeza cha dirishani haitafika Dodoma.

Aidha, kuna jambo la Tabora. Treni ya bara ikifika Tabora hugawanyika: mabehewa mengine huelekea Kigoma, mengine Mwanza. Kwa hiyo baba anayekubali watoto wake wawekwe behewa jingine "huko nyuma" na aulize kwanza hilo behewa la huko nyuma linakwenda wapi.

Sasa nirudi kwa bwana wa Kihonda. Kuhusu treni jibu langu ni hilo: daraja la kwanza aliache, achukue chumba kizima cha vitanda sita, wote watano wawe pamoja. Kama chumba kizima hakipatikani, kwa sababu mara nyingi vitanda vingi huwa vimeshachukuliwa na wanaopandia Dar es Salaam, basi mama na binti na mdogo wakae kwa wanawake, yeye na mvulana kwa wanaume. Na hapa niseme neno la kuwatetea wanawake wasiojulikana wa daraja la pili. Usiwaogope. Mpaka kufika Manyoni watakuwa wameshakuwa mama wadogo wa mtoto wako, wamempa karanga, wamemuuliza anasoma kidato gani na kwa nini hajasuka. Hatari ya chumba kile haiko kwa aliyelala ndani yake. Iko kwenye mlango usiofungwa, ambao kila anayeuza maji na kila anayejidai anatafuta kiti hupita na kuchungulia.

Meli ni habari nyingine, na hapo ndipo hesabu ya bwana yule inaponitisha hasa.

Watu wa Morogoro tunapenda kusema meli hazituhusu, lakini meli iliyo mashuhuri kuliko zote katika maziwa yetu ilipita hapa. Liemba ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer, ikaitwa Graf von Goetzen. Baada ya kujengwa ilifunguliwa vipandevipande, ikatiwa katika maelfu ya masanduku, ikaletwa Dar es Salaam, halafu ikapandishwa garimoshi kwenda Kigoma. Reli ilikuwa imeshafika Morogoro tangu mwaka 1907. Kwa hiyo vyumba vile ambavyo watu wangelala miaka mingi baadaye vilipita chini ya Uluguru vikiwa vipande vya chuma. Meli ikashushwa ziwani mwaka 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 isije ikachukuliwa na adui, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ikafanya kazi kwa jina la Liemba. Na karakana ile ya Papenburg haikufa. Januari 2024 meli ya watalii iitwayo Norwegian Dawn ilitia nanga Dar es Salaam ikiwa na watu zaidi ya elfu mbili, watu wakaenda kuishangaa. Nayo ilijengwa Papenburg, na Meyer haohao, mwaka 2002. Ni ndugu wa tumbo moja, mmoja akapelekwa kijijini, mwingine akabaki mjini.

Tazama hawa ndugu wawili wanavyolaza watu. Katika Liemba daraja la kwanza lilikuwa chumba cha vitanda viwili chenye dirisha. La pili lilikuwa chumba cha vitanda vingi zaidi, chini, chenye joto. La tatu lilikuwa kukaa, au kulala popote mwili ulipoenea. Na kwa kuwa bandari za kweli katika njia ile zilikuwa chache, penginepo mitumbwi ndiyo iliyoifuata meli katikati ya usiku, wenye dagaa na mihogo wakapanda kwa kelele, hivyo aliyechagua chumba karibu na mlango wa kupakilia hakulala. Katika meli za watalii kuna chumba cha ndani kisicho na dirisha kabisa, kuna chenye dirisha, kuna chenye roshani, na kuna vyumba viwili vyenye mlango wa kupitiana kwa ndani. Hivyo vya mlango wa ndani ndivyo familia zenye vijana huvigombea. Chumba cha ndani, kwa kuwa kina giza totoro na bei yake ni ndogo, humpata kijana mara moja. Yeye anataka kulala, bahari ataiona akiamka. Na makampuni mengi ya meli hizo hudai kila chumba kiwe na mtu mzima katika orodha. Wazazi hulegezewa sharti hilo tu pale ambapo chumba cha watoto kiko ubavuni mwa chumba chao au kinatazamana nacho.

Hilo sharti silioni kuwa urasimu wa Kizungu. Sisi tulipaswa kulijua kabla yao.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, ikitoka Bukoba na Kemondo. Ilikuwa imejengwa kubeba abiria 430. Waliokufa ni zaidi ya 800. Orodha ya abiria ilikuwa na watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Wengi wa waliokufa walinaswa ndani. Sina haja ya kuyarudia yote, wako wasikilizaji ambao hawakupata hata mwili wa kuzika. Ninachotaka msikilizaji wa Kihonda akione ni sura ya meli yenye ngazi. Baba na mama wako juu, katika chumba kizuri. Watoto wawili wako chini. Jambo likitokea usiku, watu wote walioko chini watakimbilia juu kwa ngazi hiyohiyo moja, na mzazi peke yake ndiye atakayetaka kushuka. Hatashuka. Hakuna mtu mwenye nguvu za kushuka ngazi iliyojaa watu wanaopanda.

Kwa hiyo katika meli sheria yangu ya kwanza haihusu kitanda wala dirisha. Familia isilale katika sitaha mbili. Kama fedha inatosha vyumba viwili vya juu, viwe vinavyotazamana au vinavyopakana, mama na binti kimoja, baba na mvulana kingine, na yule mdogo alale na mzazi anayelala usingizi mwepesi. Kama haitoshi, wote watano washuke daraja la pili, au wakae pamoja kwenye viti. Ni usiku mmoja tu. MV Victoria, iliyosimama mwaka 2014 na kurudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, huondoka Mwanza jioni na kulala njiani hadi Bukoba. Usiku mmoja wa shingo kuuma hauui.

La pili ni majina. Kila mtoto, hata yule wa miaka mitano, jina lake liandikwe katika orodha ya abiria. Simama mbele ya karani, tazama kalamu inavyokwenda. Akikwambia "huyu mdogo hana haja", mwambie haja unayo wewe.

Baada ya hayo ndipo tuje kwenye starehe. Meli huinuka na kushuka zaidi omo, yaani mbele, na ndiko mnyororo wa nanga unakopiga kelele. Nyuma kuna mtetemo wa mashine. Anayetapika kwa urahisi mtafutie chumba cha katikati ya meli. Kijana mara nyingi huvumilia mawimbi kuliko baba yake, kwa hiyo kama chumba kimoja kiko katikati na kingine kiko omo, baba asione haya kuchukua cha katikati. Jaribu mlango kabla ya kukubali chumba: ufungwe kwa ndani, lakini pia ufunguke kwa ndani upesi, bila ya ufunguo. Hesabu jaketi za kuokolea humo chumbani. Zikiwa nne na ninyi ni watano, mwite mhudumu kabla meli haijang'oa nanga. Na ya mtoto mdogo iwe ya mtoto; ile ya mtu mzima itampwaya na kumvuka kichwani.

Tarehe 13 Januari 2012 meli ya watalii Costa Concordia iligonga mwamba pwani ya Italia, wakafa watu 32. Wengi waliopanda siku ileile walikuwa hawajaonyeshwa bado pa kukimbilia, kwa kuwa mazoezi yao yalikuwa yamepangwa kufanywa kesho yake. Tangu Januari 2015 kanuni za kimataifa zinadai mazoezi hayo yafanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Katika meli ya ziwani usingoje mtu akuitie filimbi. Mkishaweka mabegi, mchukue kijana wako, yeye akiwa mbele nawe nyuma, mtoke chumbani mpaka penye maboya, akihesabu milango na ngazi kwa sauti. Mrudi. Halafu arudie safari hiyo akiwa amefumba macho, mkono mmoja ukutani, kwa sababu taa za meli huzimika. Atalalamika kwamba watu wanamtazama. Mwache alalamike, lakini afike mwisho, na mara ya tatu amwongoze mdogo wake.